Hivi chemshabongo za mtandaoni zinapima kweli tabaka la mtu na kujitenga kwake?

Mdadisi77

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wanaojua mambo ya utafiti wa jamii na hojaji.

Kuna hizi chemshabongo za mtandaoni zinazokuuliza maswali kumi au ishirini na kitu, kisha zinakupa alama na kukuambia wewe ni tabaka gani, au kwamba umejifungia na watu wa aina yako na huwajui wananchi wenzako. Mbili ndizo zinazotajwa sana. Ya kwanza ni ya Mmarekani Charles Murray, yenye maswali 25, iliyotoka kwenye kitabu chake Coming Apart cha mwaka 2012 na baadaye kuwekwa kwenye tovuti ya PBS NewsHour, kipindi cha habari cha televisheni ya umma ya Marekani, mwaka 2016. Ya pili ni ya BBC ya Uingereza ya mwaka 2013, inayokupanga kwenye moja ya matabaka saba.

Sasa kwenye asasi yetu kuna pendekezo la kutengeneza ya kwetu ya Kiswahili, vijana wa Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza waijaze kwa simu kabla ya mafunzo. Lengo ni kuona nani anaishi mbali na maisha ya Watanzania walio wengi. Alama anayopata mtu mmoja ina maana yoyote? Kinachopimwa ni tabaka, au ni mazoea ya kula na kutazama televisheni? Na tukitaka kutengeneza yetu isiwe mchezo tu, tuanzie wapi?

Karani wa Hojaji

Mkuu, kwa mtu mmoja mmoja haina maana kubwa. Kwa kundi inaweza kuwa nayo, ila kwa masharti. Ngoja nianze na ile ya Murray, maana kasoro zake zinafundisha kuliko za nyingine.

Ukiisoma swali kwa swali utaona mafungu mawili yamejumlishwa kwenye alama moja. Fungu la kwanza ni maisha ambayo mtu amepitia. Umewahi kuishi angalau mwaka mmoja kwenye mtaa ambao wengi wa majirani zako 50 wa karibu hawakuwa na shahada? Umewahi kukanyaga ndani ya kiwanda? Umewahi kufanya kazi iliyokuacha na maumivu mwilini jioni? Haya ni maswali mazuri. Yanauliza jambo lililotokea au halikutokea, na anayejibu hahitaji kujitathmini. Fungu la pili ni mazoea na maarifa: umenunua pikapu, umekwenda kuvua samaki, friji yako ina bia za kawaida za Kimarekani, umekula kwenye migahawa ya Applebee's au Waffle House, unajua Branson (mji wa burudani huko Missouri) ni nini, unamjua Jimmie Johnson.

Alama zote zinakwenda kwenye kapu moja la 100. Ukipata nyingi, uko karibu na wananchi. Ukipata chache, umejifungia. Sasa mchukue mkimbizi kutoka Kongo anayekata nyama kiwandani huko Iowa. Kiwanda ndiyo, maumivu ya mgongo ndiyo, majirani wasio na shahada ndiyo. Pikapu, bia, mbio za magari za NASCAR, Branson: hapana. Anatoka na alama za katikati, sawa na mwanasheria ambaye baba yake alikuwa fundi. Hawa wawili hawafanani kipato, kazi, elimu wala marafiki, lakini namba yao ni moja. Hiyo ndiyo hasara ya kujumlisha vitu viwili visivyokwenda pamoja.

Pia kitabu chenyewe kinahusu hali ya Wamarekani weupe kati ya 1960 na 2010, jina lake dogo linasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo mtu anayechukuliwa kama kipimo cha "wananchi wa kawaida" ni mfanyakazi mweupe, tena zaidi wa miji midogo. Dereva wa basi mweusi wa Detroit anaweza kupoteza alama nyingi kwenye fungu la pili bila kuwa ametengana na Marekani kwa namna yoyote. Na kipimo kinaangalia upande mmoja tu. Murray alikusudia kuwaonyesha wasomi wenye hali nzuri jinsi walivyo mbali na wengine. Mtu aliyezaliwa, akasoma na kufanya kazi kwenye mji mmoja mdogo wa machimbo, asiyemjua mhamiaji hata mmoja, anaweza kupata alama za juu sana. Kwa kipimo hiki yeye hajajitenga. Kwa maana yoyote ya kawaida ya kujitenga, amejitenga sawasawa na profesa wa Manhattan.

Halafu angalia ufunguo wa alama. Mkazi wa siku zote wa mtaa wa wafanyakazi anatarajiwa kupata kati ya 48 na 99, kawaida 77. Mtu wa kizazi cha kwanza kuingia tabaka la kati, wazazi wake wakiwa wafanyakazi, ni 42 hadi 100, kawaida 66. Wa kizazi cha kwanza kuingia tabaka la kati la juu, wazazi wake wakiwa wa tabaka la kati, ni 11 hadi 80, kawaida 33. Aliyepata 50 anaangukia makundi yote matatu kwa mpigo. Murray mwenyewe aliiweka mipaka hiyo wazi, na nampa haki yake kwa hilo. Lakini anayepiga picha ya skrini na kuirusha WhatsApp harushi mipaka, anarusha namba.

Swali la Jimmie Johnson nalo lichunguze kwa karibu. Huyo ni dereva wa NASCAR aliyetwaa ubingwa mara saba. Kuna Jimmy Johnson mwingine, kocha wa zamani wa Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Kimarekani, maarufu vilevile. Kwenye maandishi tofauti yao ni herufi za mwisho tu. Ukimhoji mtu kwa simu haipo kabisa. Tena dereva huyo aliacha mashindano ya msimu mzima ya NASCAR mwaka 2020, kwa hiyo kijana wa leo wa familia hiyohiyo ya wafanyakazi anaweza asimjue. Waffle House nazo ziko nyingi kusini kuliko kaskazini, hivyo swali la migahawa linapima pia mtu anaishi jimbo gani. Maswali ya watu mashuhuri, sinema na migahawa yanachakaa haraka, na usipoyabadilisha kipimo kinaanza kupima umri.

Hesabu za Mtaa

Karani amemaliza ya Marekani, mimi naongezea ya BBC, kwa sababu ile ilifanywa na wanasosholojia wenyewe, Mike Savage na wenzake, na data yake imechapishwa.

Walianza Januari 2011 kwa hojaji ndefu mtandaoni. Waliojaza na kuingia kwenye uchambuzi ni watu 161,400. Walipoona waliojaza wameegemea mno upande wa wasomi na wenye nacho, wakaagiza utafiti mwingine mdogo: kampuni ya GfK ikahoji watu 1,026 ana kwa ana, sampuli ya kitaifa. Linganisheni. Tabaka la juu kabisa mtandaoni lilikuwa asilimia 22, ana kwa ana 6. Tabaka la wafanyakazi wa jadi mtandaoni asilimia 2, ana kwa ana 14. Tabaka la chini kabisa, la watu wasio na uhakika wa kipato, ana kwa ana asilimia 15. Mtandaoni hata 1 haikufika.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako, Mdadisi. Tabaka lenyewe ndilo linaloamua nani atajaza chemshabongo ya tabaka. Mwenye muda, bando, na hamu ya kujadili mambo ya tabaka ndiye anayebofya. Wingi wa waliojaza hauponyi ugonjwa huo. Hata ukisema utawapa uzito mkubwa wale wachache wa chini waliojaza, bado una tatizo, kwa sababu maskini anayejaza hojaji ndefu kwenye tovuti ya BBC si mfano wa maskini wenzake waliobaki nje.

Baadaye, Aprili 2013, ikatoka ile fupi ya umma. Inauliza kipato cha kaya, nyumba ni yako au umepanga na ina thamani gani, akiba, unafahamiana na watu wa kazi zipi, na unashiriki burudani zipi. Kazi yako mwenyewe haiulizwi! Mgawanyo rasmi wa matabaka unaotumika kwenye takwimu za serikali ya Uingereza tangu 2001 unafanya kinyume: unauliza unafanya kazi gani, umeajiriwa au umejiajiri, mahali pa kazi pana watu wangapi, na kama unasimamia wengine. Maswali machache, hakuna opera wala michezo ya kompyuta, na matokeo yake yanabashiri afya, vifo na elimu ya watoto.

Kutouliza kazi kuna gharama. Akiba na nyumba huja na umri. Kwenye matokeo ya BBC wastani wa umri wa tabaka la wafanyakazi wa jadi ni miaka 66. Lile la wafanyakazi wapya wa huduma ni vijana wa miaka ya thelathini hivi. Kwa hiyo sehemu ya yale "matabaka" ni hatua za maisha tu. Daktari wa miaka 26 aliyepanga chumba, hana akiba, anakwenda kwenye muziki wa vijana, anaweza kutupwa tabaka moja na mhudumu wa baa. Baada ya miaka 15 atahama bila kubadilisha kazi.

Ila siikatai yote. Lile swali la unafahamiana na watu wa kazi zipi ndilo bora kuliko yote mle ndani, na nadhani ndilo mnalolihitaji ninyi.

Dada Sampuli

Nakubaliana na wote wawili, isipokuwa jambo moja kwa Karani: maswali ya mazoea si ya kutupa yote. Kwenye kundi kubwa, swali la pikapu au bia linaweza kwenda sambamba na elimu na kazi vizuri tu. Shida inaanza pale unapoyarudisha kwa mtu mmoja. Mdadisi, hesabu hii ifanyeni kabla ya kumpa yeyote alama.

Chukulia kipimo chenu kina maswali 25, alama zina mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) wa 20, na uthabiti wake, yaani kiasi ambacho kipimo kingetoa alama zilezile kikirudiwa, ni 0.8 kati ya 1, ambao kwa chemshabongo ni mzuri. Kosa la kipimo kwa mtu mmoja ni 20 mara kipeuo cha pili cha 0.2 (1 toa 0.8), yaani karibu 9. Kwa uhakika wa asilimia 95 zidisha kwa 1.96, unapata kama 17.5 kila upande. Aliyepata 40 unaweza kusema tu kwamba yuko kati ya 22 na 58 hivi. Mnataka kupunguza pengo hilo liwe nusu? Uthabiti ufike 0.95, na kwa kanuni ya Spearman na Brown, inayokadiria uthabiti ukiongeza maswali, hiyo inataka maswali kama 119 ya ubora uleule. Hakuna kijana atakayejaza maswali 119 kwenye simu.

Kwa kundi hesabu inageuka. Watu 200 wa Mwanza, mkengeuko uleule wa 20: wastani wao una kosa la 1.4, yaani chini ya alama 3 kila upande. Kwa hiyo mnaweza kulinganisha wastani wa Mwanza na wa Dodoma, mradi waliojaza wamechaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha yenu ya washiriki, na mmewafuatilia wasiojaza. Mkiacha anayetaka ajaze, mmerudi kwenye shida ya BBC.

Na msichukue "imenisema kweli kabisa" kama ushahidi. Mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini yameandikwa kwa ajili yake peke yake, kumbe wote walipewa maneno yaleyale. Wakayapa usahihi wa wastani wa 4.3 kati ya 5. Hayo aliyachapisha mwaka 1949. Aya tamu ya mwisho wa chemshabongo inafanya kazi hiyohiyo.

Kupima maswali yenyewe, utaratibu wa kawaida ni huu. Kaeni kwanza na watu 10 hadi 15 wa aina tofauti, mmoja mmoja, asome swali kwa sauti na aeleze amelielewaje. Nusu ya makosa inakufa hapo. Kisha majaribio ya watu wasiopungua 200 kwa kila kundi mtakalolinganisha. Ondoa swali ambalo zaidi ya asilimia 80 wanajibu sawa, maana halimtofautishi mtu na mtu. Ondoa pia lile ambalo uhusiano wake na jumla ya maswali mengine haufiki 0.2. Rudieni watu 50 hivi baada ya wiki mbili, mwone kama wanajibu vilevile; swali ambalo majibu yake yanageuka ndani ya wiki mbili halipimi kitu cha kudumu kama tabaka.

Hatua inayorukwa na wengi ni ya upendeleo wa swali. Chukua watu wa Mwanza na Dodoma wenye jumla ya alama inayolingana. Kama kwenye swali la kuvua samaki Mwanza wanasema ndiyo mara nyingi zaidi ingawa jumla ni ileile, basi swali hilo linapima ziwa.

Mdadisi77

Asanteni sana wakuu, hii ni shule kamili. Rasimu tuliyonayo ina maswali kama haya, naomba yachambuliwe bila huruma: Umepanda daladala mwezi huu? Nyumbani mnapikia mkaa? Unajua bei ya debe la mahindi? Unasikiliza singeli? Ulisoma shule ya mchepuo wa Kiingereza? Una rafiki ambaye hakufika kidato cha nne? Unamfahamu kwa jina mfanyakazi wa ndani yeyote?

Hesabu za Mtaa

Haya, moja moja.

Daladala: karibu kila kijana wa mjini atasema ndiyo, swali halitofautishi. Na aliyehamia bodaboda au bajaji kwa safari fupi atasema hapana bila kuwa tajiri. Dar kuna mwendokasi pia. Uliza hivi: safari yako ya mwisho ya kwenda kazini au chuoni ulitumia usafiri gani? Jibu moja kutoka kwenye orodha, gari binafsi likiwemo.

Mkaa: nyumba nyingi zenye mtungi wa gesi bado zina jiko la mkaa uani kwa ajili ya maharage na makande. Wote watasema ndiyo. Tafiti za kaya huuliza nishati inayotumika zaidi kupikia, na ninyi ulizeni hivyohivyo.

Debe la mahindi: maskini wa Dar hanunui debe, ananunua unga wa sembe kwa kilo dukani. Anayejua bei ya debe ni mkulima, mfanyabiashara wa nafaka, na mtu mwenye uwezo wa kununua chakula cha miezi kwa mkupuo. Bei yenyewe hubadilika sana kati ya mavuno na miezi ya njaa, kwa hiyo hamtakuwa na jibu sahihi la kusahihishia. Futeni.

Singeli: inapima umri, na inapima Dar. Futeni, au ibaki kama swali la kuchangamsha lisilo na alama.

Mchepuo wa Kiingereza: hili ni zuri kwa Tanzania, kwa sababu linagusa uamuzi wa wazazi wenye gharama ya kila muhula. Lakini liulizwe kwa shule ya msingi tu. Sekondari zote zinafundisha kwa Kiingereza, na mtu atajibu ndiyo kwa sababu hiyo.

Rafiki asiyefika kidato cha nne: neno "rafiki" kila mtu ana lake, na wengi hawajui elimu ya rafiki zao. Kazi ya mtu inajulikana, elimu yake mara nyingi haijulikani. Kwa hiyo badilisheni mfumo mzima wa swali, mtumie orodha ya kazi, mbinu ambayo wanasosholojia Nan Lin na Mary Dumin waliitumia mwaka 1986 na ndiyo iliyozaa lile swali la BBC. Mnaweka kazi 12 hadi 15 kutoka juu hadi chini: hakimu, daktari, mhasibu, meneja wa benki, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, askari polisi, fundi ujenzi, dereva wa bodaboda, mama lishe, mlinzi, mvuvi, mfugaji, mfanyakazi wa ndani. Kwa kila kazi mnauliza: kuna mtu wa kazi hii unayemfahamu kwa jina, unayeweza kumpigia simu leo akakutambua? Akisema ndiyo, swali la pili: ni ndugu, rafiki, jirani, mtu wa kazini au chuoni, au ni mtu unayemlipa kwa huduma?

Hilo la mwisho ndilo linalookoa kipimo. Swali lenu la mfanyakazi wa ndani, kama lilivyo, linampa alama ya "karibu na wananchi" yule mwenye dada wa kazi na mlinzi getini. Anawajua kwa jina, ana namba zao, na kila mwezi anawalipa. Huo ni uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, hauonyeshi kwamba anaishi nao kama wenzake. Mahusiano ya kulipana hesabuni kando.

Ndugu nao watenganisheni na marafiki. Kwetu karibu kila mhasibu wa mjini ana binamu mkulima, na kila msiba au harusi inamrudisha kijijini. Mkijumlisha ndugu na marafiki pamoja, hamtaona kujitenga kokote, watu wote watatoka na kazi 10 kati ya 14. Mkiangalia marafiki na majirani peke yao, tofauti inajitokeza. Wapo ambao marafiki zao wote ni wa kazi tatu za juu, na wapo ambao wote ni wa kazi tatu za chini. Wote wawili wamejitenga, na kipimo hiki kinawaona wote wawili. Ile kasoro ya upande mmoja aliyoitaja Karani inaondoka.

Alama ni rahisi: hesabu ya kazi alizozifikia, ya juu kabisa, ya chini kabisa, na umbali kati yake. Tumieni mpangilio wa kazi wa kimataifa wa ISCO-08 kuzitambua, na kipimo cha hadhi ya kazi cha ISEI kilichojengwa juu yake kuzipa namba, msibuni wenyewe nani yuko juu ya nani.

Mtafiti Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Hoja za hapo juu ni nzito, nami naongeza kidogo kuhusu tabaka lenyewe, kwa sababu sasa naona kujitenga kumepata kipimo chake na tabaka halijapata.

Msijumlishe hivyo viwili. Pimeni tabaka kwa maswali yake, pimeni mahusiano kwa yake, kisha mwone kama vinakwenda pamoja. Mkivijumlisha mtakuwa mmejibu swali kabla ya kuliuliza.

Kwa hali ya kaya hakuna haja ya kubuni. Tafiti za afya na idadi ya watu, zile za DHS zinazofanywa Kenya na Tanzania, zina orodha ya mali na makazi: sakafu ya nini, paa la nini, maji yanatoka wapi, choo cha aina gani, umeme, friji, televisheni, baiskeli, pikipiki. Mkitumia maneno yaleyale na majibu yaleyale, mnaweza kuwalinganisha vijana wenu na kaya za nchi nzima. Mkibadilisha hata orodha ya majibu, ulinganisho unavunjika. Tahadhari ni moja: fahirisi hiyo, yaani alama moja ya utajiri inayotokana na orodha hiyo, huwapendelea watu wa mjini, kwa kuwa umeme na maji ya bomba yako zaidi mjini. Mwenye ng'ombe 60 huko Dodoma vijijini anaweza kuonekana chini ya mpangaji wa chumba kimoja Manzese. Gawanyeni mjini na kijijini kabla ya kulinganisha.

Kuna pia kadi ya PPI (fahirisi ya uwezekano wa umaskini), maswali 10 ya kaya, hutengenezwa kwa kila nchi kivyake kutokana na utafiti wa taifa wa bajeti ya kaya. Jumla ya alama inasomwa kwenye jedwali linaloonyesha uwezekano wa kaya kuwa chini ya mstari wa umaskini. Ni nyepesi kwa simu. Nayo ilikusudiwa kwa makundi, kama alivyoeleza Dada Sampuli.

Na mkishaikamilisha, msiivushe mpaka kuja kwetu ilivyo. Swali la mchepuo wa Kiingereza Kenya halina maana, shule za umma nazo hufundisha kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya juu ya msingi. Huku ungeuliza shule ya umma au ya kulipia, na kwa sekondari, ya taifa au ya kutwa ya karibu na nyumbani.

Karani wa Hojaji

Moja la mwisho kwa Mdadisi, kuhusu ukurasa wa matokeo na data.

Kijana akimaliza kujaza, msimpe namba wala jina la tabaka. Mwonyesheni majibu yake ya orodha ya kazi tu: kazi zipi ana rafiki au jirani, zipi zina ndugu pekee, zipi hana mtu. Hiyo ni taarifa aliyoitoa mwenyewe, haina kosa la alama 17, na mwezeshaji anaweza kuifanyia kazi darasani. Wastani wa makundi wekeni kwenye ripoti yenu, na kundi lenye watu chini ya 30 msilichapishe peke yake.

Majina na namba za simu zikae kwenye faili tofauti na majibu, ziunganishwe kwa namba ya siri inayoshikwa na mtu mmoja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo ridhaa iandikwe kwenye skrini ya kwanza kwa Kiswahili cha kawaida: mnakusanya nini, kwa nini, mtafuta lini. Msisahau yaliyotokea Facebook. Chemshabongo ya tabia iliyojazwa na watu kama 270,000 ilitumika kuchota taarifa za watu hadi milioni 87, kwa kupitia orodha za marafiki zao. Orodha yenu ya kazi inagusa marafiki pia, kwa hiyo msiulize jina la huyo hakimu wala namba ya huyo mvuvi. Ndiyo au hapana, na aina ya uhusiano, inatosha.